Weupe Salama, Nyumbani Kwako

Ilikuwapo nchi, na kama haikuwapo basi tushukuru sote, iliyoitwa Nuruni. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani waliomba kibali cha kuichora, wakaambiwa faili lao linashughulikiwa, na kwa heshima waliyonayo kwa mamlaka bado wamekaa kwenye benchi wanasubiri.

Nuruni ilijaliwa. Ilikuwa na wizara ya kila kitu, na kile kilichokosa wizara kilikuwa na kamati. Lakini penye wengi pana mengi, na huko kulikuwa na bonde moja, Chumvini, ambalo watu wake walikuwa na meno ya kahawia. Si kahawia ya uchafu, tusiwasingizie. Walipiga mswaki kuliko wewe na mimi. Ilikuwa rangi ya sukari guru, na ilitoka kwenye maji ya visima vyao. Mtoto aliyanywa tangu utotoni, na jino likaota likiwa na rangi yake tayari.

Wenyewe hawakuona kasoro. Walikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze mapema. Mtoto akizaliwa Chumvini, kabla hajapewa jina, mama yake humwinamia usoni akamchekea kwa meno yote, mpaka magego. Hicho ni kicheko cha kupokea. Na siku mama huyo anapokaribia kuondoka duniani, yule mtoto aliyepokewa huja, akamwinamia, naye akamchekea vilevile. Hicho ni kicheko cha kusindikiza. Walisema anayesindikizwa kwa meno ya kwao huenda akijua alikotoka, na asiyesindikizwa huenda kama mgeni asiyeagwa. Jambo hilo halikuwa na ubishi kwao.

Sikudhani, mpika vitumbua wa soko la Chumvini, alikuwa mtoto pekee wa Bi Mwanaidi. Kwa hiyo kicheko cha kumsindikiza Bi Mwanaidi kilikuwa mdomoni mwake peke yake. Wakigombana juu ya chumvi kwenye mchuzi, bibi alimtisha: "Endelea tu kununa. Siku yangu ikifika nikikukuta umenuna hivyo, siondoki ng'o. Nitakaa hapahapa nikusumbue mpaka ucheke."

Sikudhani alikuwa akicheka hapohapo, mchuzi ukaliwa bila chumvi.

*

Balaa lilianza na mgeni. Mfalme wa nchi ya mbali alikuja kuweka jiwe la msingi la kiwanda. Mawe ya msingi yalikuwa zao kuu la Nuruni, yalistawi kila mkoa bila hata mbolea. Watoto wa Chumvini wakapangwa barabarani wamwimbie mgeni. Wakaimba, wakacheka, picha ikatoka kwenye magazeti ya huko kwao. Mtukufu Kiongozi, ambaye meno yake yalikuwa meupe kiasi cha kutangulia kuingia chumbani kabla yake, aliitazama ile picha akapoteza hamu ya kula.

Kamati ikaundwa. Mhandisi mmoja kijana, ambaye hakuwa amezoea kamati, alisema tatizo ni maji. Vichimbwe visima mahali pengine, alisema, na watoto watakaozaliwa wataota meno meupe wenyewe. Ila hawa walioota tayari, rangi iko ndani ya jino, haitoki kwa kusugua. Alishukuriwa sana kwa mchango wake, akahamishiwa ziwa la magadi kuhesabu heroe, kazi isiyo na mwisho kwa kuwa ndege wenyewe huruka. Baada ya hapo kamati ilimaliza kazi yake kwa amani. Iligundua kuwa maji ya Chumvini ni mazuri, isipokuwa meno ya huko ni makaidi.

Ndipo ilipozaliwa Wizara ya Tabasamu, chini ya Mheshimiwa Daktari Shaweji Kinara. Udaktari wake ulikuwa wa heshima; alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo. Kaulimbiu ya wizara ikapakwa kwenye kila ukuta: WEUPE SALAMA, NYUMBANI KWAKO.

Wengine wasio na shukrani waliuliza kwa nini nyumbani na si kwa madaktari wa meno. Mheshimiwa aliwajibu redioni kwa upole wa mzazi.

"Ndugu wananchi," alisema, "jino ni lango la uchumi. Mwekezaji hatazami bandari kwanza, anatazama jino. Serikali yenu sikivu imeamua kila raia ayang'arishe meno yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe. Huko ndiko kujitegemea. Na ninaposema salama, ndugu zangu, ninamaanisha salama. Likitokea la kutokea, litakuwa limetokea nyumbani kwako, na serikali itakuwa salama kabisa."

Kisha akatoa maelekezo. Wiki ya kwanza ilikuwa mkaa wa kusaga. Chumvini nzima ilitembea na midomo myeusi, na wizara ikatangaza mafanikio, kwa kuwa ile kahawia ilikuwa haionekani tena. Ikafuata ndimu na majivu. "Sugueni taratibu," Mheshimiwa alihimiza. "Ukiona damu, pumzika. Ukiona damu tena, tambua kwamba nchi inakushukuru."

"Huyu mtoto wa nani?" Bi Mwanaidi aliuliza, akiielekezea redio kidole. "Hana mama wa kumwambia anyamaze? Meno haya nilipewa na mama yangu na kisima chake. Leo nikiyatoa, huyu Kinara atanirudishia nini?"

"Punguza sauti, mama," Sikudhani alimwambia. "Siku hizi kuta zina masikio."

"Basi zinisikie vizuri. Ongeza kitumbua."

*

Kila jambo la maana lina kipimo chake, na wizara haikukosa. Ilichukua kadi ya rangi za kuta kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ikaipiga muhuri na kuiita Kipimo cha Taifa. Juu kabisa ilikuwa rangi iitwayo Ukuta wa Ikulu, ikifuatiwa na Maziwa ya Asubuhi na Krimu ya Harusi, kisha Pembe. Chini kabisa, karibu na jina la kiwanda, ilikuwa Udongo wa Mfinyanzi, na hapo ndipo walipoangukia watu wa Chumvini wote, pamoja na shehe na mchungaji. Aliye chini ya Pembe hakuruhusiwa kuingia ofisi yoyote ya umma. Alihudumiwa dirishani, mkono mdomoni.

Zahanati ya Chumvini ikageuzwa kuwa Kituo cha Ukaguzi wa Meno. Kwa hiyo kifua cha Bi Mwanaidi kilipombana, na pumzi ikawa inatoka kwa kuvutwa, palikuwa na mtu wa kumpima rangi ya meno lakini hapakuwa na wa kumpima kifua. Gari la wagonjwa likampeleka mji mkuu, kwenye Hospitali ya Rufaa. Sikudhani alikaa pembeni yake njia nzima, akimshika mkono.

Getini alipokewa na Mkaguzi Pazi, fundi rangi aliyepandishwa cheo. Alikuwa mtu wa roho nzuri, na ninasema hivyo bila kejeli.

"Fungua mdomo, mama." Akainua kadi yake, akafumba jicho moja kama afanyavyo fundi mbele ya ukuta. "Udongo wa Mfinyanzi. Samahani, mama yangu. Hupiti."

"Huyo wanayemshusha ni mama yangu mzazi."

"Nimemwona. Pole sana. Yeye ni mgonjwa, ana msamaha, alimradi asitabasamu. Lakini wageni hapana. Wizara imegundua kuwa mgonjwa akiona jino la kahawia hukata tamaa."

"Mama yangu akiliona ndiyo anapata nguvu."

"Huyo ni mgonjwa mmoja, mama. Sera ni ya wagonjwa wote."

"Basi nitafunga mdomo. Sitaongea na mtu."

Pazi akasikitika. "Ukifunga mdomo nitajuaje kama meno yako ni meupe?"

Sikudhani alikaa chini pembeni ya uzio, akanunua ndimu kwa mchuuzi, akaomba majivu kwa muuza mahindi, akaanza kusugua palepale. Hakufika mbali. Pazi alimjia mbio, akitazama huku na huku.

"Usinitafutie matatizo, mama! Hapa ni kosa. Kaulimbiu inasema nyumbani kwako."

Kwa hiyo akapanda basi kurudi Chumvini akasugulie nyumbani kwake, kama mwananchi mwema.

*

Jirani yake Havijawa alimkuta uani, ndimu zimekatwa, majivu kwenye kibakuli, kitambaa cha kaniki kidoleni. Walikuwa wamekua pamoja hawa, walizaliwa mwaka mmoja, na Havijawa hakujua kuzunguka maneno.

"Ukiyatoa hayo, utamchekea Bi Mwanaidi kwa meno ya nani?"

"Na nisipoyatoa nitamchekea wapi? Getini?"

Havijawa akaketi kwenye kigoda, akavuta kinu, akaanza kumtwangia majivu yawe laini. Sikudhani alijiambia kwamba mama ni mama. Atamjua kwa macho, kwa mkono, kwa harufu ya vitumbua kwenye kanga yake. Mtu hamjui mwanawe kwa jino peke yake. Alijiambia hivyo kila aliposugua, na kila alipojiambia alisugua zaidi ili asijisikie.

Yule mhandisi wa heroe alikuwa amesema kweli: rangi ilikuwa ndani. Ndimu haikuitoa rangi, ilikula jino lenyewe. Ngozi ya juu ya jino ilianza kuchubuka, ikabaki weupe mkavu kama chokaa. Ufizi ukavimba, midomo ikavimba, maneno yakaanza kutoka yamepinda. Maji ya kunywa yalimchoma mpaka kichwani. Upepo ukipita, alishika shavu akalia kwa sauti, na watoto wa jirani wakaacha kucheza. Uchungu huo, wasikilizaji wangu, wizara haikuutaja redioni.

Muuguzi mmoja mwenye huruma alipiga simu kutoka wodini. "Dada, bibi anakuulizia tu. Hali uji mpaka tumdanganye. Jitahidi uje, asije akaondoka huku anaangalia mlango."

Siku hiyo Sikudhani alijitazama kwenye kioo, akaona mdomo wa mtu mwingine. Akafunga safari.

*

Mkaguzi Pazi aliinua kadi, akafumba jicho. Akaishusha kadi, akaifuta kwa shati, akaiinua tena.

"Pembe," alisema. Kisha kwa mshangao: "Imepita Pembe. Mama, umegonga Krimu ya Harusi!"

"Niache nipite, baba."

Pazi angemwacha. Lakini Sikudhani alikuwa mtu wa kwanza kutoka Chumvini kufikia Krimu ya Harusi, na kwa mtu wa kwanza kulikuwa na utaratibu. Simu ikapigwa wizarani. Afisa itifaki akafika na turubai, viti vya plastiki, maua na bendi ya tarumbeta. Mheshimiwa Daktari Kinara, wakasema, yuko njiani.

"Mama yangu anakata roho humo ndani," Sikudhani alimwambia afisa itifaki. Kwa midomo ile maneno yalitoka kama ya mlevi, akalazimika kuyarudia.

"Na Taifa nalo ni mama yako," afisa alimjibu, akimnyoosha kanga begani. "Wote wawili wanakusubiri. Tunaanza na mkubwa."

Mheshimiwa alikuja jua likiwa limeshageuka. Alihutubia. Alianza na historia ya jino tangu enzi za mababu, akapita kwenye uchumi, akawakumbuka maadui wa maendeleo, akawasamehe, kisha akawakumbuka tena. "Kuna waliosema maji!" alinguruma. "Wako wapi leo? Wanahesabu ndege!" Watu wakapiga makofi, kwa kuwa afisa itifaki alikuwa amesimama. Sikudhani alikuwa akitazama madirisha ya hospitali, akijiuliza ni lipi.

"Sasa picha," Mheshimiwa akasema. "Cheka, mama."

Akacheka. Upepo ukaingia kwenye meno yaliyochubuliwa, na machozi yakamtoka mawili mawili. Magazeti ya kesho yake yaliandika kuwa alilia kwa furaha.

*

Bi Mwanaidi alikuwa kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia, mahali ambapo meno yake hayakuweza kumkatisha tamaa mtu. Alikuwa amepungua mpaka shuka ilikuwa kama imetandikwa tu juu ya kitanda. Macho yalikuwa wazi, yakielekea mlangoni.

Sikudhani alipiga magoti, akamshika mkono, akamwinamia usoni. Alitaka kusema kitu kwanza, lakini alijua hakuna muda wa maneno. Akafungua mdomo. Akamchekea kwa meno yote, mpaka magego, kama alivyochekewa siku aliyozaliwa.

Bibi aliyatazama yale meno. Akayatazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayetazama bidhaa asiyoihitaji.

"Ahsante, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mna kazi nzuri hapa. Lakini uji sitaki."

"Mama, ni mimi."

"Eeh. Kila mtu hapa ananiita mama. Mmelelewa vizuri."

"Mimi Sikudhani, mama. Sikudhani wako."

Uso wa bibi ukachangamka. "Unamjua Sikudhani? Amefika? Yuko getini?"

"Mimi ndiye Sikudhani!"

Bi Mwanaidi akatikisa kichwa, akampapasa mkono kumpoza. "Hata wa jana alisema hivyohivyo, ili nile. Msijisumbue. Mwanangu ninamjua. Ana meno ya kwetu."

Pembeni ya kitanda kulikuwa na kikombe cha chai iliyopoa. Sikudhani alikinyakua, akajaza mdomo, akaisukasuka chai kwenye meno yale mpaka maumivu yakamtia giza machoni. Akameza, akafungua mdomo tena. Meno yalikuwa meupe vilevile. Nini ambacho hakikumpita kichwani? Aliwaza mkaa, aliwaza udongo wa kwenye chungu cha maua pale dirishani. Akatazama huku na huku, na mkono wa bibi ukamvuta.

"Usilie," alisema Bi Mwanaidi. "Huna kosa wewe. Wamemzuia, ninajua. Wangemwachaje apite, na meno yale? Sikiliza, mwanangu. Una sura ya mtu mwema. Nina ombi."

"Sema, mama."

"Sisi kwetu tuna kicheko. Yeye alikuwa anilipe changu, na mimi nimechoka kukisubiri. Sitaki aishi na mzigo huo. Mimi nitacheka, wewe utazame vizuri, kisha umpelekee. Umwambie nimemsamehe, na tumemalizana. Utamwambia?"

Sikudhani angeweza kubisha tena. Alifungua mdomo abishe, akaona jinsi bibi alivyokuwa akilisubiri jibu, na nguvu ndogo iliyobaki ikipotea kwa kusubiri. Akafunga mdomo wake mweupe.

"Nitamwambia," alisema.

"Mwambie na mchuzi aongeze chumvi."

Kisha Bi Mwanaidi, kinyume cha masharti ya hospitali, akacheka. Alicheka kwa meno yote, ya rangi ya sukari guru, machache yaliyobaki, moja kwa moja usoni mwa mwanawe, huku akimtazama kama mjumbe. Na Sikudhani alikipokea kile kicheko mara ya pili maishani mwake, asiruhusiwe kusema kuwa ni chake. Kilipofifia, hakikurudi tena.

*

Wanasema Wizara ya Tabasamu ilitoa sanda, na hotuba fupi. Msibani Chumvini watu walikaa kwenye mikeka, na kama ilivyo desturi, kabla ya lolote, wazee wa ukoo walimgeukia mfiwa.

"Ulimsindikiza?" waliuliza.

Sikudhani alijitanda kanga mpaka puani. Havijawa, aliyekuwa amekaa pembeni yake, akajibu kwa niaba: "Alifika." Wazee wakatazamana, wasiulize la pili.

Tangu hapo Sikudhani anauza vitumbua vyake mkono mdomoni, kama alivyosimama kwenye madirisha ya ofisi wakati meno yake yalipokuwa ya kahawia. Hakuna Chumvini nzima aliyemwona akicheka tena. Wanawake wakijifungua humwita aje abebe mtoto; hubeba, hutazama pembeni.

Lakini serikali haisahau watu wake. Pale njia inapoingilia bondeni, karibu na kile kisima cha zamani ambacho bado watoto wanachota maji, imesimamishwa picha kubwa kuliko nyumba. Ni yeye, siku ya sherehe, machozi yakiwa yamefutwa na mafundi wa wizara. Kila anayeingia Chumvini na kila anayetoka, hata jeneza likipita, picha hiyo humchekea kwa meno yote.